Mzuri, Daktari

Kama wewe unayesoma haya umeambiwa kwamba damu yako imepungua na mifupa yako imeacha kutengeneza nyingine, basi utaambiwa pia ungoje. Daktari atakuambia ungoje, mama mkwe atakuambia ungoje, na mchungaji atakuja kukuombea moyo wa kungoja. Mimi sitakuambia hivyo. Nimengoja vya kutosha kwa niaba ya watu wote wa Elburgon. Ninaandika kwa sababu nilipokaa kwenye lile benchi la hospitali kule Nakuru hakuna aliyenieleza hata neno moja la maana, na kama leo kuna mwanamke amekaa hapo na viganja vyake vimekuwa vyeupe kama unga, nataka ajue kuna mtu alimtangulia.

Jina langu ni Rebeka. Nilisoma mpaka fomu ya pili, ndipo baba akaona vitabu vimenitosha. Nikaolewa na Jafethi, karani kwenye kiwanda cha mbao. Tukatoka kwetu Maragoli tukaja huku juu kwenye baridi ya Mau, mimi na yeye, pamoja na mama yake na mdogo wake Ezra, ambaye kazi yake ni kuviringisha magogo mpaka kwenye msumeno. Nyumba za kiwanda ni za mbao na zimebanana, ukikohoa jirani anakuambia pole. Ugonjwa ulinikuta humo, Tabitha wangu akiwa bado ananyonya.

Ulianza na madoa ya zambarau miguuni na mikononi, kama mtu aliyepigwa. Wanawake waliyaona nikiteka maji. Hawakuniuliza kitu, ila Jafethi akaanza kusalimiwa kwa ubaridi kila akipita bombani, naye hakujua kosa lake. Kisha moyo ukahamia masikioni, unadunda humo kama mashine ya kiwanda. Nikijitwika debe la maji napumzika mara kadhaa kabla ya kufika mlangoni. Mama mkwe akasema nina mimba. Mimba ilipokosa kuonekana akasema nina uvivu wa watu waliosoma. Siku moja tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma, nikaliweka gunzi chini, akaona limejaa damu ya fizi zangu. Hakusema tena habari ya uvivu.

Tulikwenda Nakuru kwa gari la moshi mvua za masika zikiwa ndiyo zimeanza. Wadi ya Waafrika ilikuwa imejaa, wengine wamelala kwenye mikeka katikati ya vitanda. Walinilaza chali, wakanichoma sindano katikati ya kifua, kwenye mfupa wenyewe. Sitakudanganya kwamba haiumi. Ile sindano inavuta kitu ambacho hukujua unacho. Walikuwa wanatafuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambao watoto hugombania kwenye mchuzi. Sikujua kwamba damu ya mtu inatoka humo. Ningejua, pengine ningeacha kuugombania nilipokuwa mdogo.

Daktari alikuwa Mzungu wa makamo, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuongea na mpishi wake. Alinigusa kifuani kwa kidole akasema, "Hii iko lala. Damu hapana tengeneza."

Nikamuuliza itaamka lini. Akatafuta neno kwa muda.

"Labda iko amka. Labda hapana."

Basi. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa. Niliambiwa nitatiwa damu ya mtu mwingine kila yangu itakapokwisha, mpaka uboho uamke au mpaka mambo yaishe kwa namna nyingine.

Chupa ya kwanza ilikuwa damu ya Jafethi. Walimpima, ikalingana na yangu. Wanaitundika juu kwenye chuma, inateremka kwenye mpira, na inapoingia mkononi unasikia baridi inapanda mpaka begani. Nilitetemeka, blanketi likatetemeka nami, nikadhani ndiyo kufa. Halafu jioni nikasikia njaa. Hakuna neema kama ile. Nilikuwa nimesahau kwamba njaa ni kitu kizuri. Asubuhi nikaona rangi. Kumbe majani ya miti iliyo nje ya dirisha yalikuwa ya kijani wakati wote, ila mimi nilikuwa nayaona kama picha ya gazeti. Hata lile vumbi la magadi linalopeperushwa kutoka ziwani, ambalo kila mtu Nakuru analilaani, nililinusa nikafurahi.

Furaha hiyo ilifika Elburgon ikakutana na mama mkwe.

Aliposikia ni damu ya nani, alikaa chini. Akamwita Jafethi kwa jina lake la ukoo, jina analolitumia wakati wa matanga tu, akamwambia, "Umemtia damu yako. Damu yako ni yangu na ya baba yako. Huyu sasa ni dada yako. Na mtu halali na dada yake."

Jafethi ni mtu wa vitabu, anapima mbao kwa hesabu siku nzima, lakini usiku ule alitandika kitanda chake jikoni. Nilimsikia akiugeuza mwili wake kwenye zile mbao. Sikulia, nilikasirika. Nilikuwa nimeibiwa damu na mifupa yangu mwenyewe, nikarudishiwa na mume wangu, na kwa kurudishiwa nikapokonywa mume. Ilikaa hivyo kwa muda mrefu. Sitaki kueleza jinsi ilivyokwisha, hilo ni letu. Ila mama mkwe alikata shauri: kuanzia hapo Ezra ndiye atakayetoa damu. Nikauliza kama Ezra si damu ile ile. Akasema Ezra si mume wangu, basi akinifanya dada hakuna kilichoharibika.

Ezra alipoambiwa alikwenda kujificha kwenye rundo la vumbi la mbao. Alikuwa amesikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba kuna watu wa mumiani wanaomlaza mtu na kumnyonya damu mpaka abaki ngozi. Alitolewa huko na mama yake. Kwenye gari la moshi aliniambia, "Shemeji, wakininyonya ikaisha, mwili wangu urudishe Maragoli. Usinizike huku kwenye baridi." Akatoa. Akapewa chai ya maziwa na mkate, akauliza kama anaweza kurudi kesho.

Sasa nitakueleza jinsi nilivyokaribia kufa kwa sababu ya adabu.

Baada ya chupa ya pili daktari alitaka nikae wadini, anitazame. Tabitha na nyanya yake, waliokuwa wametusindikiza, wakarudi Elburgon, na mtoto akaachishwa ziwa huko bila mimi. Maziwa yangu yalikauka nikiwa nimelala nikitazama dari. Nje huwezi kwenda: nguvu za kutoka langoni hazipo, na zilikuwa siku za Hali ya Hatari, mtu hatembei tembei mjini bila kuulizwa vyeti. Ndani kuna kitanda na dirisha. Watu waliletwa wakiwa hoi, wakapona, wakafunga vitenge vyao, wakaniaga. Mimi nilibaki kama kiti.

Kila asubuhi daktari alipita na sista wake. Anafika kitandani kwangu, anatabasamu.

"Jambo, mama. Habari gani?"

"Mzuri, daktari."

"Habari ya mwili?"

"Mzuri tu."

"Mzuri sana. Ngoja kidogo."

Huyo, amekwenda.

Wewe ni mtu wa huku, unajua. Mtu mzima akikuuliza habari unajibu mzuri. Hata kama umetoka kuzika unasema mzuri. Kwanza mzuri, halafu inakuja "ila". Mzuri tu, ila mtoto ametutoka. Mzuri, ila nyumba imeungua. Na "ila" haitolewi mlangoni. Watu wakae kwanza, chai imiminwe, mgeni aulize mara ya pili na ya tatu, ndipo useme lililokuleta. Nilikuwa na "ila" yangu tayari mdomoni kila asubuhi. Ila daktari, siwezi kwenda chooni bila kushika ukuta. Ila daktari, nikiinamisha kichwa dunia inakuwa nyeusi. Lakini nikishasema mzuri nilikuwa nikiutazama mgongo wake, yuko kitanda cha pili.

Nilidhani anajua. Si ana kipimo chake? Kila wiki walinitoboa kidole, wakatia tone kwenye kichupa, wakalinganisha rangi yake na ya kioo. Nilijua inapungua, nilimsikia sista akisema. Nikawaza, wanaona, wanajua, wana sababu ya kuninyima. Nikawaza pengine wameniacha.

Asubuhi moja walisimama miguuni pa kitanda changu wakazungumza Kiingereza. Daktari alimwambia sista kwamba kipimo changu kimeshuka sana, angekuwa mtu mwingine angekwisha kumpa damu siku nyingi, lakini huyu mwili wake umezoea ajabu. Akasema, na maneno haya nitayakumbuka mpaka naingia kaburini:

"Kila siku namuuliza, na kila siku ananiambia yuko mzima kabisa. Tumwache wiki nyingine."

Nilikaa. Nilipokaa wadi nzima ilizunguka, nikashika chuma cha kitanda. Nikamjibu kwa Kiingereza cha fomu ya pili, chenye kutu, lakini kilitosha.

"Mimi si mzima. Ninakufa. Nilikuwa nakusalimia."

Sista akafunika mdomo. Daktari alinitazama kana kwamba kitanda chenyewe ndicho kilichosema. Akaniuliza kwa nini sikusema naongea Kiingereza. Nikamwambia hakuniuliza. Akaniuliza kwa nini nilijibu mzuri. Nikamuuliza kwao mtu akiulizwa mlangoni anajibu nini. Halafu akavuta kigoda akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

Alinieleza, na sasa alieleza kwa Kiingereza, naye akawa mtu mwingine kabisa, mtu mwenye akili. Alisema hana namba ya kuifuata. Kuna mtu kipimo chake kiko chini na anapalilia shamba, na mwingine kipimo ni kile kile naye hawezi kuinua kikombe. Na kila chupa ni mgeni mwilini: wageni wakizidi, siku moja mwili utawafukuza, na siku hiyo damu itakayoletwa haitafaa kitu. Kwa hiyo asinipe mapema, wala asichelewe kunipa. Anayejua wakati ni mgonjwa. "Ndiyo maana nakuuliza kila siku," akasema, na uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu.

Nilipata chupa siku hiyo hiyo. Lakini hasira haikuondoka na mpaka leo haijaondoka, na wala si yeye peke yake ninayemkasirikia. Nilifunzwa adabu na watu walionipenda. Walinifunza vizuri mno.

Tukafanya mapatano. Asiniulize tena habari. Aniulize nimefanya nini. Akauliza, nyumbani wewe hufanya nini chenye kuchosha? Nikamwambia kusonga ugali. Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa mikono: sufuria ya watu watano, unga umekaza, mwiko kwa mikono yote miwili, sufuria imebanwa kwa mguu. Nikisonga mpaka ukaiva nikiwa bado naongea, sihitaji damu. Nikisonga kimya, nianze kujiandaa. Nikiuacha mwiko ndani nikakaa chini, nipande gari la moshi kesho yake. Alicheka, lakini alikubali. Akaniruhusu nirudi Elburgon.

Tabitha alinitazama kama mgeni. Alimkimbilia nyanya yake, akajificha kwenye leso yake, akanichungulia. Nilimwacha. Ilichukua siku nyingi kabla hajanipa hata kiazi alichokuwa akikila.

Na usidhani nyumbani kulikuwa kufunguliwa. Kamba ilikuwa imerefushwa tu. Siwezi kwenda kwetu kumwona mama yangu, maana chupa ikiisha nikiwa Maragoli nani atanitoa huko? Siwezi kwenda kilimani kuchuma maua ya pareto na wenzangu. Naishi ndani ya chupa moja, nikisubiri kuona chini yake. Naye mama mkwe akawa ananinyang'anya mwiko. "Pumzika, Mama Tabitha, wewe ni mgonjwa." Ni huruma, najua. Lakini ule mwiko ndio uliokuwa kipimo changu, na kila alipouchukua sikujua tena niko wapi. Tuligombana kwa ajili ya mwiko kama watoto. Nikimwambia hali yangu ni mbaya, anakemea. Kwake ukisema mbaya unaiita. Wageni wakija anawaambia amepona, ashukuriwe Mungu, na mimi nimeegemea mlango nisianguke.

Baridi ya Julai ilikuja na ukungu uliokaa mpaka saa sita mchana. Ezra alikuwa ametoa mara mbili. Siku moja nilianza kusonga nikiongea na Tabitha, nikanyamaza, nikaendelea, halafu nikauacha mwiko umesimama katikati ya ugali, nikakaa sakafuni.

Jafethi aliporudi nilimwambia kesho Nakuru. Mama mkwe akasema juzi tu nilikuwa nafua. Akasema Ezra amekonda, mwanawe si ng'ombe wa maziwa. Jafethi akatazama upande wa mama yake, akatazama upande wangu, akasema, "Tungoje mpaka Jumapili tuone."

Asubuhi nilifunga leso, nikaenda kukaa ndani ya lori la mbao la kiwanda, mbele, karibu na dereva. Dereva akaniuliza kama karani anajua. Nikamwambia akamuulize karani, mimi nitangoja hapa hapa. Alipokuja Jafethi alikuwa na koti lake mkononi na Ezra nyuma yake. Walipanda juu ya mbao. Barabarani askari walitusimamisha, wakawashusha wanaume, wakawapekua, wakataka kunishusha na mimi. Mmoja alinitazama usoni akasema, huyu mwacheni.

Hospitalini tukakuta daktari wangu amekwenda likizo Ulaya. Mahali pake kulikuwa na kijana, nywele zimechanwa vizuri, kola imenyooka. Nikamsalimia kwa Kiingereza, nikamwambia ninahitaji damu leo. Akanitoboa kidole, akatazama kichupa dirishani.

"Bado," akasema. "Haijashuka mpaka hapo tunapotoa."

Nikamuuliza hapo ni wapi. Akanionyesha alama kwenye kioo. Nikamweleza mapatano, nikamweleza ugali. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema damu ni adimu, kuna lori limepinduka mteremkoni na majeruhi wako ndani, na yeye hawezi kutoa chupa kwa ajili ya chakula kilichoshindikana kupikwa. Nirudi wiki ijayo. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungejua la kumfanya.

Nilikaa kwenye benchi. Jafethi akasema, twende, Mama Tabitha, amesema. Ezra alikuwa ameanza kukunjua tena mkono wa shati aliokuwa ameukunja tayari. Nikatazama lango. Nje kulikuwa na gari la moshi, na nyumba, na wiki nzima ambayo nilijua kwa hakika kwamba siifikii. Na wote walikuwa wakiniambia nitoke niiendee. Sijawahi kufungwa jela, lakini nadhani jela angalau mtu anajua kwamba ukuta ni ukuta.

Daktari alipopita tena nilisimama mbele yake.

"Umetazama kichupa," nikasema. "Sasa nitazame mimi. Twende mpaka kule kwenye bomba na turudi. Tukirudi wote wawili, nakwenda nyumbani na sitakusumbua."

Bomba lilikuwa mwisho wa baraza. Watu kwenye mabenchi waligeuka kututazama. Alitazama saa yake, akatazama watu, akakubali, nadhani kwa sababu kukataa kulikuwa na aibu zaidi. Tukaanza. Nilitaka kumweleza kitu njiani, sikupata pumzi ya kukielezea. Nguzo za baraza zikaanza kusogea kwenda pembeni. Bomba nililiona, lilikuwa linadondoka maji, lakini halikuja karibu. Nikashika nguzo. Nikakaa chini ya nguzo, polepole, kama mtu anayeketi kwenye mkeka wake.

Alipiga magoti kwenye saruji na suruali yake nyeupe. Akanishika mkono, akaweka kile chombo cha masikioni kifuani mwangu, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliponitazama tena alikuwa mdogo sana, mtoto wa watu.

"Kwa nini hukusema tangu asubuhi?" akaniuliza.

"Nimesema tangu asubuhi," nikamwambia.

Ezra alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Chupa ile ilitundikwa kabla ya chakula cha mchana. Jafethi alikaa kando ya kitanda akinishika mguu juu ya blanketi, mbele ya wadi nzima, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi.

Siwezi kukuambia ni nini kilichouamsha uboho wangu. Mama mkwe anasema ni maombi, daktari anasema hutokea, Ezra anasema ni damu yake, ina pilipili. Najua tu kwamba kutoka hapo chupa zilianza kuachana. Moja ikanifikisha mwisho wa baridi. Iliyofuata ikavuka majira ya pareto. Madoa yakageuka manjano, yakaondoka. Siku moja nilijikata kwa kisu nikimenya viazi, nikasimama nikitazama kidole mpaka damu ikaganda yenyewe, nikaita watu waje waone.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa nilirudi Nakuru siku niliyopangiwa. Daktari wangu wa kwanza alikuwa amerudi. Tulikuwa tumekwenda na Ezra, naye siku hizo alijiona mwenyeji, aliingia moja kwa moja chumba cha kutolea damu, wakamtoa damu kabla sijapimwa. Kipimo changu kikaonekana kimeshuka kidogo kuliko mara ya mwisho. Sista akaleta chuma cha kutundikia.

Nikasema hapana.

Daktari akaniuliza nimefanya nini wiki hiyo. Nikamwambia: nimevuna, nimebeba gunia nusu, nimemkimbiza Tabitha nikamkamata. Akatazama kichupa, akanitazama mimi. Alikuwa na wasiwasi, nami nilikuwa nao. Ningeweza kuwa nimekosea. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuachiwa kuamua si raha kama nilivyodhani nilipokuwa nikipigania. Hata hivyo nilisema hapana mara ya pili, naye akamwambia sista aondoe kile chuma.

Ezra alikasirika. "Shemeji, mkono wangu umetobolewa, sasa unasema hapana?" Nikamwambia kuna mwanamke ameletwa kutoka Olenguruone, amejifungua na damu haikomi, atapewa yeye. Akauliza ni mtu wa nani. Nikasema simjui. Alinung'unika mpaka kwenye gari la moshi kwamba sasa ana ndugu Olenguruone asiyemjua hata jina, na hawezi kuoa upande ule tena. Usinisifu kwa chupa ile. Sikuitoa kwa wema. Sikuihitaji.

Uboho wangu unaweza kulala tena, daktari hakunificha. Kwa sasa nakaa na hilo kama mtu anayekaa karibu na mto. Wewe uliye kwenye benchi, nakuomba kitu kimoja: usimwachie mtu mwingine akusemee mwili wako, hata mtu anayekupenda, hata kioo chenye alama. Waambie usichoweza kufanya. Kitaje kwa jina lake. Wakikuona huna adabu, waache wakuone hivyo.

Tulishuka stesheni ya Elburgon jua likiwa bado liko. Kutoka hapo kwenda nyumba za kiwanda kuna mpando mkali, na mimi nilikuwa nimembebea Ezra koti lake na mkate aliopewa hospitalini. Nilikuwa nikimsimulia habari ya Tabitha na kuku wa jirani. Nikasikia hajibu. Nikageuka, nikamwona amesimama chini kidogo, mikono kwenye magoti, jasho linamtoka.

"Shemeji," akasema, "ngoja kidogo. Pumzi."

Nikarudi chini, nikasimama kando yake, nikamngojea.